Majina Mageni, Vitenzi vya Kibantu: Msamiati wa Vyakula, Vitamutamu na Ufundi katika Mji Mkongwe wa Zanzibar

1.0 Utangulizi

Mtu atokaye soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, akapita vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar hadi bustani ya Forodhani, huwa amepita katikati ya msamiati mpana katika mwendo wa dakika chache. Majina ya mahali penyewe ni mwanzo wa somo. Darajani palikuwa na daraja la kuvukia hori lililoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, hori ambalo baadaye lilifukiwa. Forodhani ni penye forodha, na Sokomuhogo halihitaji kuelezwa. Njiani huuzwa sambusa, bajia, kachori, katlesi, mishikaki, kaimati, halua, kashata, visheti na vileja. Huuzwa pia makasha ya njumu, kofia za viua, mikeka na misala, na milango yenye nakshi husimama kila upande.

Kwa muda mrefu uchunguzi wa msamiati wa namna hii umekuwa uchunguzi wa nomino. Mtafiti huuliza, "Hiki kinaitwaje?", huandika jibu, kisha hutafuta asili ya neno katika Kiarabu, Kiajemi au Kihindi. Kazi hiyo ina manufaa yake, na sehemu yake itafanywa hapa pia. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba nomino ndiyo tabaka la juu la msamiati huu, tabaka libadilikalo upesi zaidi. Maarifa ya mpishi na ya fundi yamo zaidi katika vitenzi: kitenzi gani huandamana na nomino gani, na katika hatua gani ya kazi. Vitenzi hivyo kwa sehemu kubwa ni vya Kibantu, na kamusi zetu hazijavitendea haki.

2.0 Majina yaliyokuja na jahazi

Kwamba majina mengi ya vyakula vya Mji Mkongwe yametoka ng'ambo ya bahari si jambo la kubishaniwa. Halua ni neno la Kiarabu lenye shina la utamu. Sambusa, biriani na pilau yana asili ya Kiajemi, ingawa hayakufika yote kwa njia moja. Chapati, bajia, kachori, ladu na chatne yalifika pamoja na Wahindi. Linalostahili kuangaliwa zaidi ni jinsi lugha ilivyoyapokea.

Kaimati ni mfano mzuri. Kwa Kiarabu ni luqaimat, yaani vijitonge, umbo la udogo wa neno lenye maana ya tonge. Katika Kiswahili silabi ya mwanzo imedondoka, na maana ya tonge imepotea kabisa. Mlaji wa kaimati huona punje za unga zilizokaangwa zikachovywa katika shira, wala haoni tonge. Katlesi nayo iliingia ikiwa na alama ya wingi ya Kiingereza, lakini alama hiyo haina kazi tena: husemwa katlesi moja na katlesi kumi. Mishikaki imepita njia ya kinyume. Neno hilo halitengeki na mishkak ya Waomani, ambamo mi- ni sehemu ya neno lenyewe. Mswahili aliisikia mi- hiyo kama kiambishi cha ngeli akapata umoja mshikaki, kwa mantiki ile ile iliyozaa vitabu kutoka kitabu. Huenda kitenzi -shika nacho kimesaidia kulifanya neno lisikike kuwa la nyumbani.

Kundi jingine ni la majina yaliyoundwa hapa hapa kwa vitu vilivyotoka nje. Kungumanga ni kungu ya Manga, na pilipili manga ni pilipili ya huko huko, Manga likiwa ni jina la zamani la Uarabuni, hasa Omani. Msemaji alitumia neno alilokuwa nalo, akaongeza mahali ambako, kwa fikira zake, kitu kilitoka. Mdalasini, kwa upande wake, umebeba ndani yake jina la nchi ambayo wasemaji wengi hawaijui kuwa imo: asili yake ya Kiajemi ina maana ya mti wa China.

Urojo unasimama peke yake. Jina ni la Kiswahili, nalo linatokana na rojo, yaani hali ya uzito wa mchuzi ulio katikati ya majimaji na unga. Ndani ya bakuli, hata hivyo, mna bajia, kachori na chatne, pamoja na viazi na ukali wa embe mbichi. Hapa wenyeji hawakukipa chakula jina la kiungo chochote. Walikiita kwa hali yake, na kwa kufanya hivyo wakakimiliki.

3.0 Vitenzi vya jikoni

Tukiacha majina, tukasikiliza kinachosemwa wakati wa kupika, sura ya lugha hubadilika. Halua hutengenezwa kwa sukari, samli, wanga, zafarani, iliki na lozi, na karibu kila neno katika orodha hiyo ni la kukopwa. Vitenzi vyake sivyo. Wanga huyeyushwa katika maji, sukari huchemshwa, kisha mchanganyiko huanza kukorogwa. Kadiri unavyokaza, kazi hubadilika na kitenzi hubadilika nayo: haukorogwi tena, unasongwa. Ni tofauti ile ile aijuayo kila mzawa wa Afrika ya Mashariki, kwamba uji hukorogwa lakini ugali husongwa. Chakula kilichotoka Arabuni kimepimwa kwa mizani ya uji na ugali. Hakuna kitenzi cha Kiarabu kilichohitajika, kwa kuwa mkono uliokuwa ukishika mwiko ulikwisha kuwa na vitenzi vyake.

Mkate unaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Katika Mji wa Zanzibar neno mkate peke yake halitoshi kuagizia chakula. Ni lazima liandamane na kijalizo. Kuna mkate wa ufuta na mkate wa mayai, ambayo hutajwa kwa kiungo. Kuna mkate wa mofa, mofa likiwa pia ni jina la tanuri lenyewe. Kuna mkate wa ajemi, unaotajwa kwa watu. Na kuna mkate wa kumimina na mkate wa kusukuma, ambayo hutajwa kwa tendo la mpishi. Wa kumimina ni wa mchele uliosagwa, ukaumuliwa, ukamiminwa katika chombo. Wa kusukuma si mwingine ila chapati, inayosukumwa juu ya kibao mpaka iwe duara. Kwa hiyo kitu kimoja kina majina mawili, moja lililokuja na mgeni na jingine lililotokana na kuutazama mkono wa mpishi ukifanya kazi. Mtafiti aulizaye jina ataambiwa chapati. Atakayekaa jikoni ndiye atakayesikia kusukuma.

Hamira nayo ni neno la Kiarabu, lakini unga uliotiwa hamira huumuka, na mpishi ndiye auumuaye. Jozi hii ya -ua na -uka ni ya mofolojia ya Kibantu, sawa na fungua na funguka, na inabainisha kati ya kazi ya mtu na kazi ambayo unga hujifanyia wenyewe ukiachwa. Mpishi mzuri hujua lini kuumua kumekwisha na kuumuka kumeanza. Msemaji mwenye kitenzi kimoja tu cha jumla hawezi kuieleza tofauti hiyo ila kwa maneno mengi.

Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa -chemsha, ambacho katika maandishi ya siku hizi kimemeza vitenzi kadhaa. Maji huchemshwa, lakini muhogo unaopikwa kwa maji na chumvi hupwazwa, na ukipikwa kwa tui huungwa. Kitoweo kikiwekwa juu ya makaa hubanikwa. Mwanafunzi wa leo aliyejifunza Kiswahili sanifu darasani ataandika "chemsha" na "choma" kwa yote hayo, na hatahesabiwa kuwa amekosea. Lakini atakuwa amepoteza kitu ambacho bibi yake alikuwa nacho.

Kabla ya kuondoka jikoni, inafaa kumtaja mbuzi wa nazi, chombo cha kukunia. Mnyama huchukua upatanisho wa viumbe hai: mbuzi huyu amepotea. Chombo huchukua upatanisho wa ngeli ya vitu: mbuzi hii imepotea. Jina moja, lakini sarufi haikubali kudanganywa na sitiari. Nazi ikishakunwa juu ya mbuzi hiyo hutiwa maji na kukamuliwa kwa kifumbu. Tui la kwanza hutoka zito na la pili jepesi, yakabaki machicha. Kifumbu ni kitu cha kusukwa, na kwa kifumbu jiko linaungana na karakana.

4.0 Vitenzi vya mafundi

Kazi ya ukindu ndiyo yenye mpangilio wa vitenzi ulio wazi kuliko zote. Ukindu hukatwa, huanikwa, huchanwa na hutiwa rangi. Kisha husukwa, na kinachopatikana kwa kusuka si mkeka bali ukili, yaani utepe mrefu. Mkeka hupatikana baadaye, pale kili zinaposhonwa pamoja ubavu kwa ubavu. Katika maneno ya wenye kazi, basi, ukili husukwa na mkeka hushonwa. Usemi "kusuka mkeka", ulioenea sana, ni usemi wa mtazamaji aliyeona mwanzo wa kazi na mwisho wake bila kuona katikati. Si kosa la kumcheka mtu, lakini ni kosa ambalo kamusi haipaswi kulirithi.

Hata hivyo, dai la makala haya lisipanuliwe kupita kiasi. Kofia za viua hudariziwa, na -darizi ni kitenzi chenye asili ya Kiajemi kilichopitia Kiarabu. Milango ina nakshi, la Kiarabu, na mbao za seremala hupigwa randa au, kwa kitenzi kilichozaliwa na jina la chombo, hurandwa. Hapa vitenzi vyenyewe vimekopwa, na sababu inaelekea kuwa ya kijamii. Vyakula vya kigeni vilipikwa katika majiko yaliyokuwa tayari na moto, vyungu na lugha. Kudarizi na kutia nakshi zilikuja kama ufundi mzima, pamoja na vyombo na mafundi wake, kwa hiyo tendo na jina la tendo vilifika pamoja. Hata majina ya wafanyaji yanaunga mkono maelezo hayo. Msusi, mshonaji na mfinyanzi yamenyambuliwa kutokana na vitenzi -suka, -shona na -finyanga. Sonara, neno la Kihindi, halina kitenzi nyuma yake. Laweza kuzaa usonara tu, kwa kuongezewa u-.

Na bado katika mlango ule ule wenye nakshi, sehemu zinazoubeba zina majina yasiyotoka Arabuni wala Uhindini: miimo ya pande mbili, kizingiti cha juu na cha chini, na mfaa unaofunika mahali mabamba mawili yanapokutana. Mwimo ni kilichoima, yaani kilichosimama, kutokana na kitenzi -ima ambacho katika mazungumzo ya kawaida kimekwisha kuachwa. Pambo limekopwa, lakini kinachoshikilia nyumba hakikukopwa.

5.0 Jina linapobadilishwa tena

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na mwaka 2009 bustani ya Forodhani ilifunguliwa upya baada ya matengenezo. Wageni wameongezeka, na majina yameanza kubadilika tena. Urojo huitwa Zanzibar mix. Chapati nyembamba inayojazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, ikakunjwa na kukaangwa juu ya bati la moto, wenyeji waliijua kwa jina la mantabali. Leo huuzwa kama Zanzibar pizza, na hata vijana wa mjini huiita hivyo.

Wapo wanaolia kwamba huu ni uharibifu wa lugha. Kilio hicho ni cha kueleweka, lakini kimeelekezwa pasipo. Lugha iliyoidondoshea luqaimat silabi yake ya kwanza haiwezi kuona haya kwa kuipokea pizza. Zaidi ya hayo, chakula cha jamaa moja na hiki huko Arabuni huitwa mutabbaq, yaani kilichokunjwa, na mpishi wa Forodhani mpaka leo hukunja. Pizza ya Wataliani haikunjwi. Jina limebadilishwa ili mgeni aelewe, lakini kitenzi kimebaki mkononi, na kitenzi ndicho kinachosema ukweli juu ya chakula hicho.

Hatari iko kwingine. Mkeka wa plastiki hauna ukili, kwa hiyo hausukwi wala haushonwi, hununuliwa. Nyumba isiyo na mbuzi wala kifumbu hununua tui lililokwisha kukamuliwa. Nomino tui na mkeka zitaendelea kuishi, na orodha ya msamiati itaonekana kuwa haijapungukiwa na kitu. Vinavyotoweka ni vitenzi pamoja na uandamano wake na nomino, na vinatoweka bila kelele kwa sababu hakuna aliyeviorodhesha. Kamusi iandikapo "aina ya mkate" au "aina ya kitamutamu" na kuishia hapo, humwacha msomaji na jina lisilo na kazi. Kidahizo cha mkeka kingetimia kama kingetaja kwamba hushonwa. Cha halua, kwamba hukorogwa kisha husongwa. Cha muhogo, kwamba hupwazwa.

Kwa mwanafunzi anayejiandaa kwenda uwandani, jambo hili linabadilisha swali la kuulizwa. "Hiki kinaitwaje?" huleta nomino, mara nyingi ile aliyozoea kupewa mgeni. "Sasa unafanya nini?" huleta kitenzi. Swali la pili ni gumu zaidi, maana haliulizwi mezani wala ofisini, na huchukua muda wote ambao kazi yenyewe huchukua. Mpika halua akiulizwa ni lini halua huwa tayari, hatataja saa wala dakika. Atasema ni mpaka iache sufuria, na kuijua maana hiyo ya -acha kunamtaka mtafiti awe amesimama hapo mwiko ukizunguka.