Mwalimu wako akiwa pia baba yako

Mtoto wa miaka saba hivi anahesabu kwa vidole wakati wenzake darasani wameshaacha vidole zamani. Majedwali ya kuzidisha hayamwingii. Baba yake, profesa wa lugha, anamchunguza na kufikia uamuzi wa ajabu kidogo: mtoto si mzito, amechoshwa tu na hesabu zenyewe. Basi anamtoa shule na kuanza kumfundisha aljebra nyumbani.

Mtoto huyo ni Norbert Wiener, Mmarekani aliyezaliwa 1894. Aliingia sekondari akiwa na miaka 9 na chuo kikuu akiwa na 11. Akiwa na 18 alikuwa na shahada ya uzamivu kutoka Harvard. Mwaka 1948 alitoa kitabu chake *Cybernetics*, kuhusu udhibiti na mawasiliano katika wanyama na mashine, na jina hilo likawa jina la fani nzima.

Ukiishia hapo, hadithi ni tamu: shule ilikosea, mzazi akaona mbali. Lakini Wiener mwenyewe alisimulia upande wa pili mwaka 1953, katika kitabu cha maisha yake, *Ex-Prodigy*. Kama unamsomesha nyumbani mtoto mwenye kipaji, au wewe mwenyewe ulikuwa mtoto huyo, upande huo ndio wa kusoma.

Somo, anasema, lilianza kwa upole, kama mazungumzo tu. Kisha mtoto akakosea. Hapo hapo baba mpole akatoweka, na mahali pake akakaa mtu mkali wa kutisha. Mtoto alilia, sauti zikapanda, na mama akawa katikati ya wawili hao.

Sasa fikiria jambo hili kidogo. Mtoto akikosea shuleni, anarudi nyumbani. Kule alikokosea na kule anakopendwa ni sehemu mbili tofauti. Anayesomea nyumbani hana mlango wa kutokea: aliyemkemea saa nne asubuhi ndiye atakayemuuliza jioni kama ameshiba. Kwa mtoto mwenye kipaji mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa hajazoea kukosea. Mambo mengi yalimjia bure, kwa hiyo kosa moja linaweza kumwonekea kama habari mbaya kuhusu yeye ni nani.

Kuna jaribio maarufu hapa. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha tafiti walizofanya na watoto wa shule za msingi Marekani. Watoto walitatua mafumbo, kisha baadhi wakasifiwa kuwa wana akili, wengine kuwa wamejitahidi. Halafu wote wakapewa mafumbo magumu wakashindwa. Waliosifiwa akili walikata tamaa haraka zaidi, na waliporudishiwa mafumbo mepesi walifanya vibaya kuliko mwanzo. Walipoombwa kumwandikia mtoto mwingine alama walizopata, karibu 40 kati ya kila 100 walidanganya. Tusitie chumvi lakini: tafiti kubwa za baadaye kuhusu kuwafundisha wanafunzi kwamba akili hukua zimepata athari ndogo, hasa kwa wenye alama za chini. Maneno ya sifa si dawa ya kila kitu.

Baba yake Wiener, kwa kweli, hakumsifu kipaji. Alitangaza hadharani, hadi kwenye jarida mwaka 1911, kwamba mwanawe ni mtoto wa kawaida aliyefundishwa vizuri. Inaonekana kama unyenyekevu, sivyo? Kijana alielewa vingine: nikifaulu, sifa ni za baba; nikishindwa, kosa ni langu. Baba hakusifu akili wala juhudi za mtoto. Alisifu mbinu yake.

Jambo la pili ni umri. Mwanasaikolojia Leta Hollingworth, aliyewafuatilia kwa miaka mingi watoto wenye akili ya juu sana huko New York, alieleza ugumu wa kuwa na akili ya mtu mzima ndani ya mwili na hisia za mtoto. Leo wataalamu huuita ukuaji usiolingana. Yaani mtoto wako anaweza kujadili mashimo meusi saa tisa na saa kumi akalia kwa sababu biskuti imevunjika. Usimwambie "mtu mwenye akili kama wewe!" Aliyelia ana miaka saba, na ana haki yote ya kuwa na miaka saba.

Kwa hiyo marafiki wa aina mbili wanahitajika, na si lazima wawe watu wale wale. Wiener sekondari alikaa na wanafunzi waliomzidi miaka kadhaa, lakini nje ya darasa alicheza na watoto wa rika lake katika mji mdogo wa Ayer, na miaka hiyo aliikumbuka kwa upendo. Kwa kazi za darasani, mtafute mtu mwingine wa kusahihisha walau somo moja, shangazi au jirani anayejua hesabu. Na jifunze kitu kigeni mbele ya mtoto, ukosee, acheke.

Mwaka 1950 Wiener alitoa kitabu kingine na kukitunuku kwa kumbukumbu ya baba yake. Katika sentensi ile ile alimtaja kuwa mlezi wake wa karibu kabisa, na pia mpinzani wake.