Je, Wajua? Mvuke wa Olkaria Nao Unaweza Kuisha

Je, wajua kwamba mtambo unaofua umeme kwa gesi ya Songosongo na ule unaofua kwa mvuke wa Olkaria ina moyo wa aina moja? Kote kuwili kuna turbaini, yaani mhimili wa chuma uliozungushiwa safu za mapanga na kuunganishwa na jenereta. Kitu chenye nguvu kikiyasukuma mapanga, mhimili huzunguka, sumaku huzunguka pamoja nao karibu na nyaya za shaba, na umeme hutoka. Kanuni hiyo aliigundua Michael Faraday huko Uingereza mwaka 1831, na mwaka 1884 Charles Parsons akaunda turbaini ya mvuke iliyoifanya kanuni hiyo iwashe miji. Maji ya Rufiji na upepo wa Marsabit hupitia njia hiyo hiyo. Paneli ya sola tu ndiyo haina kinachozunguka.

Umeme ukishaingia kwenye gridi hauna alama ya ulikotoka. Ukitaka kujua tofauti ya nishati jadidifu na isiyo jadidifu, tazama nyuma ya turbaini, uulize: hiki kinachoyasukuma mapanga kikishatumika, kinarudi baada ya muda gani?

Maji yanayokataa kuchemka

Olkaria iko kusini mwa Ziwa Naivasha, katika Bonde la Ufa la Kenya, sehemu yake ikiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate. Volkano za hapo zimelala, lakini hazijapoa. Mvua inayonyesha kwenye kuta za bonde hupenya polepole katika nyufa za miamba mpaka ikutane na joto la huko chini. Visima vingine vya Olkaria vimechimbwa kufikia kilomita tatu, na katika kina hicho joto hupita nyuzi 300 za Selsiasi. Hata hivyo maji hayachemki, kwa kuwa mgandamizo wa huko ni mkubwa mno.

Kisima kikifunguliwa, maji hupanda kwa kasi. Kadiri yanavyokaribia juu, mgandamizo hupungua, na sehemu yake hugeuka mvuke ghafla kwa kishindo. Mchanganyiko huo huingia kwenye tangi la kutenganisha: mvuke huelekezwa kwenye turbaini, na maji ya chumvichumvi yanayobaki hurudishwa ardhini kupitia visima maalumu.

Mtu anayepita huko kwa mara ya kwanza hushangazwa na mabomba. Yanatambaa kilomita nyingi juu ya vilima, yamefunikwa bati linalong'aa, na kila baada ya hatua kadhaa yanapinda kona nne kama mlango usio na kizingiti cha chini. Chuma kikipata joto hurefuka, na bomba lililonyooka lingejivunja lenyewe. Kona zile huliachia nafasi ya kutanuka. Baadhi zimeinuliwa juu kiasi cha twiga kupita chini yake. Hewani kuna harufu ya mayai viza, ambayo ni gesi ya salfa inayopanda pamoja na mvuke.

Mtambo wa kwanza wa Olkaria, wa megawati 15, uliwashwa mwaka 1981. Katika miaka ya karibuni jotoardhi, yaani joto hilo la chini ya ardhi, imekuwa ikitoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaozalishwa Kenya, na nchi hiyo imo miongoni mwa kumi za kwanza duniani. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba Afrika ilianza mapema zaidi, huko Kiabukwa, Katanga, ambako mtambo mdogo wa jotoardhi ulifua umeme mwaka 1952.

Gesi iliyosubiri enzi na enzi

Sasa tuteremke pwani ya Tanzania. Songosongo ni kisiwa cha Kilwa, mkoani Lindi. Gesi asilia iligunduliwa hapo mwaka 1974, lakini ilianza kufua umeme Dar es Salaam mwaka 2004, baada ya kujengwa bomba la kilomita zipatazo 230, kipande cha kwanza kikipita chini ya bahari. Gesi hiyo, ambayo kwa sehemu kubwa ni methani, ilitokana na mabaki ya viumbe vilivyozikwa chini ya mchanga na matope, vikapikwa na joto la ardhi kwa mamilioni ya miaka.

Katika turbaini ya gesi hakuna haja ya kuchemsha maji kwanza. Hewa hugandamizwa, gesi huchomwa ndani yake, na moto wenyewe huyasukuma mapanga. Ndiyo maana mtambo wa gesi huweza kuwashwa na kushika mzigo ndani ya muda mfupi, usiku au mchana, masika au kiangazi. Sifa hiyo Watanzania wanaijua kwa uchungu wa mgawo wa umeme wa mwaka 2006 na 2011, pale mabwawa yalipokauka. Mwaka 2015 ukame ulirudi kwa ukali hadi ikabidi mitambo ya maji izimwe, na mwaka huo huo bomba jipya la kilomita 542 kutoka Mtwara likaanza kuleta gesi Dar es Salaam. Asiyetambua mchango wa gesi katika kipindi kile amesahau giza lile.

Lakini gesi iliyochomwa haitarudi. Kadiri kisima kinavyotumika ndivyo msukumo wake unavyopungua, na hakuna mvua wala msimu utakaokijaza tena katika maisha ya binadamu yeyote.

Funzo kutoka California

Hapa ndipo wengi hukosea. Hudhani kwamba nishati ikiitwa jadidifu basi haiishi hata itumike vipi. Mfano mzuri uko California, Marekani, kaskazini mwa San Francisco, mahali paitwapo The Geysers. Umeme wa jotoardhi ulianza kuuzwa hapo mwaka 1960, na kwa kuwa mvuke ulikuwa mwingi, mitambo ikaongezwa mmoja baada ya mwingine. Uzalishaji ulifika kileleni mwaka 1987, kisha ukaporomoka. Joto la miamba lilikuwapo bado. Kilichokuwa kimepungua ni maji: mvuke mwingi uliishia hewani kwenye minara ya kupoozea, na kilichorudishwa ardhini kilikuwa kidogo kuliko kilichotolewa.

Dawa ilipatikana mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1997 lilikamilika bomba la kupeleka majitaka yaliyosafishwa kutoka miji ya jirani na kuyamwaga kwenye visima. Mwaka 2003 mji wa Santa Rosa nao ukaanza kupeleka ya kwake. Yakifika chini hugeuka mvuke, na mpaka leo eneo hilo ni miongoni mwa makubwa zaidi duniani kwa umeme wa jotoardhi. Kisima cha gesi kilichokwisha hakina tiba ya namna hiyo.

Kwa hiyo gesi ni kama shamba la urithi linalouzwa kipande kwa kipande, na mvuke ni mavuno ya kila msimu. Anayeuza shamba hula vizuri leo, na anayevuna asirudishe rutuba naye atakuja kulia. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari lenyewe

Tulifungue basi. Ukurasa wa hewa uko wazi. Wanasayansi wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, mwaka 2014 walikokotoa gesi joto zinazotoka tangu ujenzi wa mtambo hadi mwisho wake. Kwa kila kilowati-saa moja, makadirio ya kati yalikuwa gramu 820 kwa makaa ya mawe, 490 kwa gesi asilia, 38 kwa jotoardhi na kama 11 kwa upepo.

Ukurasa wa fedha una pande mbili. Kisima kimoja cha jotoardhi hugharimu mamilioni ya dola, tena huweza kutoka kikavu. Mtambo wa gesi au wa mafuta hujengwa upesi, lakini hudai kulishwa kila siku. Mkenya anayenunua tokeni huliona dai hilo kwenye ujumbe wa simu: kuna mstari wa gharama ya mafuta, nao hupanda na kushuka kufuatana na kiasi kilichochomwa na bei yake.

Ukurasa wa ardhi ndio unaosahaulika. Kupisha upanuzi wa Olkaria, familia za Wamaasai zilihamishwa mwaka 2014. Malalamiko yao yalifika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ikabidi pande zikae kwenye upatanishi. Umeme usiochafua hewa bado unaweza kumdhulumu mtu, na dhuluma hiyo nayo lazima iandikwe kwenye hesabu.

Naamini Afrika Mashariki haina sababu ya kuionea gesi yake haya. Ina sababu ya kuipangia kazi. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina turbaini tisa zenye uwezo wa megawati 2,115, lakini hutegemea mvua. Upepo hutulia na jua huchwa. Gesi iwe ya kuziba mapengo hayo, na mapato yake yachimbe visima vya mvuke, yasimike paneli na kutunza misitu inayolisha mito. Ikichomwa bila mpango huo, wajukuu wetu watarithi mabomba matupu na deni la hewa. Nao mvuke, maji na misitu tuvitumie kwa kasi isiyozidi ile ya kurudi kwake, kwa sababu ujadidifu huo hulindwa na anayetumia.