Picha safi katika televizyo: mashauri kwa wale wanaofundisha kwa ordinatere

Kuna parokia za Butembo na Beni ambamo sale ya mafundisho ina sasa televizyo ukutani. Padri au katekista anafika na ordinatere yake, anaunga kable, na picha inatokea. Lakini mara nyingi picha hiyo ina ukungu: herufi zimevimba, pembe zimekatwa, macho yanachoka upesi. Wazee wanaokaa nyuma wananyamaza. Kila mmoja anawaza kwamba macho yake yamezeeka, naye anaona haya kusema kwamba hasomi kitu.

Basi, tunataka kueleza hapa asili ya ukungu huo na dawa yake. Jambo hili si la mafundi tu. Konsilio ya Vatikano II, katika dekreti Inter mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, ilitaka mapadri, watawa na walei wafundishwe kutumia vyombo vya namna hii kwa ujuzi.

1. Asili ya ukungu

Kioo cha televizyo ni kama shamba lenye mashimo yaliyopangwa kwa mistari. Kila shimo ni nukta moja ya mwanga. Televizyo nyingi ndogo, kama zile zinazoitwa 32, zina nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo, maana yake nukta 1 049 088. Zile za « Full HD » zina 1920 kwa 1080, yaani 2 073 600, karibu mara mbili. Zile za « 4K » zina 3840 kwa 2160.

Ordinatere nayo inatuma nukta zake, kama mtu anayeleta miche ya kahawa shambani. Akileta mistari 1080 ya miche mahali penye mistari 768 ya mashimo, itampasa kubana miche miwili katika shimo moja, huku na huku. Akileta michache kuliko mashimo, atalazimika kuigawanya. Televizyo inafanya vivyo hivyo: inachanganya nukta jirani ili zienee. Picha ya uso au ya mlima inavumilia mchanganyo huo. Herufi haivumilii, kwa sababu ni mstari mwembamba, na mstari mwembamba ukichanganywa na weupe wa pembeni unakuwa kivuli.

Kanuni ni hii moja: nukta moja ya ordinatere iangukie nukta moja ya kioo. Mashauri mengi yanayofuata yanatoka humo.

2. Kable

Kable ya HDMI, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 2002, inapeleka picha kwa hesabu, pamoja na sauti. Hesabu ikifika, imefika yote. Ikipotea, utaona vimulimuli, au kioo kitakuwa cheusi. Kwa hiyo kable ya bei kubwa haiongezi usafi wa herufi hata kidogo. Mwenye kuuza akisema kwamba kable ya dola nyingi itaondoa ukungu, msimsadiki. Kitu cha kuangalia ni urefu: ikipita metre 10, kable ya kawaida inaanza kushindwa.

Kable ya VGA ni ya zamani zaidi, ya mwaka 1987. Haipeleki hesabu bali wimbi la umeme, nalo linachakaa njiani. Haipeleki sauti pia. Penye HDMI, tuache VGA.

Kuna parokia zenye televizyo ya zamani, ile nene yenye tundu la manjano. Hiyo haionyeshi zaidi ya mistari 576 hivi. Kibadilishaji cha sokoni kitaleta picha, lakini herufi ndogo hazitasomeka kamwe. Hapo tuonyeshe picha na maneno machache makubwa.

3. Kutengeneza ordinatere na televizyo

Tufuate utaratibu huu:

Kwanza, katika ordinatere ya Windows, tubonyeze pamoja butoni ya Windows na herufi P. Tukichagua « Dupliquer », vioo viwili vinapewa hesabu moja, na mara nyingi ni ile ya kioo kidogo cha ordinatere. Tuchague « Deuxième écran uniquement ».

Pili, tufungue « Paramètres d'affichage », na penye « Résolution » tuchague hesabu ileile ya televizyo. Tusidanganywe na karatoni. Televizyo nyingi zinazouzwa kwetu zimeletwa na wafanyabiashara kutoka Dubai na China, kwa njia ya Mombasa na Kasindi, na karatoni inaweza kusema 1080 kwa sababu tu televizyo inapokea hesabu hiyo, hata kama kioo chenyewe kina 768. Tusome hesabu ya kioo katika kitabu chake. Televizyo nyingine ndogo zinakataa 1366 kwa HDMI. Hapo hatutapata nukta kwa nukta, nasi tukuze herufi.

Tatu, pembe zilizokatwa. Televizyo za zamani zilificha pembe za picha nyuma ya ubao wao, na televizyo za leo zimerithi desturi hiyo bila haja: zinakuza picha kidogo na kukata pembeni. Kukuza huko kunaharibu nukta zote, si zile za pembeni tu. Kwa telekomande, tutafute ukubwa wa picha, tuchague « Just Scan », « 1:1 », au neno linalofanana nayo.

Nne, tupunguze « Netteté ». Jina lake linaahidi usafi, lakini likizidi linachora kivuli cheupe kandokando ya kila herufi. Televizyo ikiwa na « Mode PC », tuichague.

4. Ukubwa wa herufi

Hata picha safi haisaidii kama herufi ni ndogo. Tukumbuke kipimo hiki: kwa kila metre 2 za umbali, sentimetre 1 ya kimo cha herufi. Benchi la mwisho likiwa metre 8, herufi iwe na sentimetre 4. Televizyo ya 43 ina kimo cha sentimetre 53 hivi. Basi mistari 6 inatosha. Anayetaka kuonyesha ukurasa mzima wa katekisimu, aupige chapa na kuugawa.

Tusidharau mambo haya. Katika miaka ya Ebola, 2018 mpaka 2020, tuliona katika miji yetu jinsi neno lisilofahamiwa vema linavyozaa uvumi, na uvumi unavyozuia watu wasitafute msaada. Mstari uliokatwa chini ya kioo unaweza kuwa ndio wenye neno la lazima.

Kwa hiyo tutengeneze yote kabla watu hawajafika, hasa mahali ambapo umeme ni wa jua au wa mashini ya mafuta, kwa maana kila dakika ya kutafuta ina bei yake. Kisha tuandike mstari mmoja juu kabisa na mmoja chini kabisa, tuende kukaa kwenye benchi la mwisho, tusome. Tusiposoma sisi, mzee hatasoma.