Masika ni Mizani Tatu

Mwaka wangu wa kwanza huku Leeds, nilipokuwa nikijaribu kutunga shairi fupi juu ya majani mekundu yaliyokuwa yakianguka mlangoni pa nyumba niliyopanga, nilitafuta katika kamusi jina la majira yale, nikapewa "majira ya kupukutika majani". Nikahesabu kwa vidole, kama nilivyofundishwa utotoni, nikaona mizani 12, na hali utungo niliokusudia, ule wa Kijapani uitwao haiku, hauzidi mizani 17 kwa jumla, basi nikabakiwa na mizani 5 za kusemea mti, upepo, na upweke wa mtoto wa Segerea aliye ughaibuni. Nilicheka peke yangu. Masika ni mizani tatu. Vuli ni mbili. Kusi ni mbili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafakari asili ya tungo hizi fupi za majira, na kwa kuwa wasomaji kadhaa wameniuliza habari zake, nitaieleza kwa kadiri niijuavyo. Utungo huo wa Kijapani haukuzaliwa peke yake. Zamani ulikuwa kifungua mlango cha tungo ndefu zilizotungwa majlisini na washairi wengi kwa zamu, kila mmoja akiunga kipande chake kwenye cha mwenziwe, na sharti la yule aliyefungua lilikuwa kuyataja majira waliyokutana ndani yake. Yaani neno la majira lilikuwa namna ya adabu, mithili ya hodi ya mgeni apigaye mlangoni huku akisifu hali ya hewa ya mwenyeji wake. Matsuo Basho, aliyeishi kuanzia mwaka 1644 hadi 1694, ndiye aliyekitukuza kifunguzi hicho kikawa sanaa ya kuheshimika, na Masaoka Shiki, aliyefariki mwaka 1902, ndiye aliyekitenga na mnyororo wake na kukieneza kwa jina la haiku. Vipande vyake ni vitatu, vya mizani 5, kisha 7, kisha 5.

Msomaji wa pwani hatashangazwa na hesabu hizo. Sisi nasi tangu kale tumehesabu, na kwa bahati njema lugha hizi mbili zina silabi zinazoishia aghalabu kwa irabu, na hata ile "m" ya "mtu", ambayo mgeni huidhani si kitu, huhesabiwa na malenga wetu kuwa mizani kamili, kama vile Wajapani wanavyoihesabu "n" inayosimama mwishoni mwa silabi. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, aliziweka kanuni hizi wazi kwa vijana wa zama zake. Na mshororo wa shairi letu lililozoeleka una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Hebu tazama ajabu hii: utungo mzima wa Mjapani hauzidi mshororo wetu mmoja ila kwa mizani moja! Wao wamefika kikomo pale sisi tunapovuta pumzi ili tuendelee.

Si kwamba sisi hatuna ufupi. Tuna tathnia ya mishororo miwili na tathlitha ya mitatu, tuna majina ya kanga ambayo hayahitaji hata mshororo kamili kumchoma jirani, na Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, aliacha tungo nyingi za ubeti mmoja au beti chache zilizotungwa kwa ajili ya jambo la siku ile ile, za mapenzi, za siasa, za mji. Lakini ufupi wetu, nikiruhusiwa kusema, hupenda kunena na mtu: humjibu, humtania, humwonya. Ni nadra ushairi wetu wa jadi kuketi kimya ukiitazama ndoo.

Kuhusu majira, hapa hatupaswi kumwazima mtu. Wazee wetu wa baharini na wa mashamba waliuhesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, ile ambayo Makunduchi huiadhimisha hata leo mwezi Julai, wakaugawa kwa miongo ya siku kumikumi, wakajua ni mwongo upi wa kupanda na upi wa kukitia chombo majini. Kaskazi iliyaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha. Hadhari moja ningempa mtunzi mchanga: asidhani kuwa Ramadhani ni neno la majira, maana mwezi mwandamo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, ukafungua futari masika, kisha baada ya miaka kadhaa ukaifungua katikati ya kaskazi kali.

Ila na tusidanganyane. Kijana wa Segerea, viungani mwa Dar es Salaam upande wa Ilala, kitongoji ambacho wengi hukijua kwa gereza lake kuliko kwa wakazi wake, hajui kusi kwa tanga la jahazi. Huijua kipupwe kwa ubaridi wa maji ya kuogea alfajiri, na kwa machungwa ya Muheza yaliyopangwa mafungumafungu kando ya barabara. Huijua vuli kwa kumbikumbi wanaoizunguka taa ya kibaraza hata mbawa zikaenea sakafuni, na baadaye kwa embe dodo. Na masika huijua kwa kondakta wa daladala anayekataa kuingia barabara ya ndani kwa sababu ya tope. Wala mvua si pambo kwake. Aliyeiona Desemba ya mwaka 2011, bonde la Msimbazi lilipofurika na watu wakaokolewa juu ya mapaa, hataandika juu ya matone kwa wepesi wa mtu aliyeyasoma kitabuni. Hayo yote ni maneno ya majira, na hakuna kamusi iliyoyakusanya.

Nilijaribu basi kwa kipimo cha Kijapani, nikikumbuka usiku mmoja wa utoto nyumbani kwa bibi:

Bati lalia;
ndoo mbili zajaa;
taa yazima.

Mvua haikutajwa, nami nikaona fahari kidogo. Kisha nikataka kujua ingekuwaje kwa kipimo chetu, nikatunga tathnia:

Bati lalia usiku, ndoo zote zimejaa,
Bibi kawafunga kuku, kisha kaizima taa.

Hapo ndipo nilipoitambua tofauti ambayo vitabu havikunionyesha. Katika utungo wa kwanza jicho lilifanya kazi peke yake. Katika wa pili kina cha "ku" kilibisha hodi, na kuku wakaingia, na nyuma yao bibi, nyumba ikapata mwenyewe. Wapo wanaoviona vina kuwa ni pingu, na tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi yasiyofuata vina, mwaka 1974 hoja hiyo haijapoa. Mimi naona ni wageni, na mgeni huweza kukuletea riziki au kukumalizia chakula.

Juma lililopita nilimpigia bibi simu, nikamwamkia, naye baada ya marahaba na habari za baridi ya huku akaniomba nimsomee nilichoandika. Alizisikiliza tungo zote mbili. "Ya ndoo kweli," akasema. "Lakini miye sikupata kufuga kuku, mume wangu. Wale walikuwa wa jirani, nao hawakufungwa, walilala juu ya mwembe."

Nimeufuta mshororo huo mara mbili, na mara zote mbili nimeurudisha.