Sukuma ya Mbao

Gatwekera hainunui mboga asubuhi. Kijiji hiki cha Kibera, kilicho chini ya reli, hungoja jioni, vibarua warudi kwa miguu kutoka Eneo la Viwanda na malipo ya siku mfukoni. Hapo ndipo vibanda huwashwa taa na visu vya mama mboga vikaanza kazi.

Mama mboga mwenyewe aliamka zamani. Alfajiri alikuwa Marikiti, lile soko la Wakulima la katikati ya jiji, akachanga na wenzake wakagawana gunia, akarudi kwa matatu. Mteja hayaoni hayo. Anachoona ni majani ya sukuma yaliyokunjwa pamoja mkononi, kisu kinayapitia, na nyuzi za kijani zinaangukia karaini. Ubao wa kukatia haupo; kiganja kinatosha. Kukatiwa hakulipiwi, na mimi hakuna ninachokipenda sokoni kuliko hicho, maana kisu kikienda na maneno huenda: nani amejifungua, chama kitakaa kwa nani Jumapili, maji ya mtungi yamepanda tena. Anayekata huku amegeuka anacheka na jirani, na vidole vyake vikabaki vizima, huyo amehitimu.

“Nikatie ya mbao,” husema mteja, yaani ya shilingi 20. Kilo hazitajwi. Nyanya ni fungu, omena ni kikombe, unga ni gorogoro au nusu yake, mafuta hupimwa kwa kidogo ulicho nacho. Wenyewe huita kadogo. Wasomi husema anayenunua kidogo kidogo huishia kulipa zaidi, na hesabu yao ni sawa. Ila mtu asiye na friji, wala hakika ya kibarua cha kesho, hilo gunia aliweke wapi?

Wajaluo, ambao ni wengi hapa, huulizia osuga, dek na apoth. Wengine wataziita managu, saga na mrenda. Osuga na dek, zilizo chungu, zina adabu yake: huchanganywa, huchemshwa, kisha hulazwa na maziwa uchungu utulie. Katika mtaa unaonunua cha leo kwa leo, hizi ndizo hununuliwa leo zikaliwa kesho. Kando yake kuna karai la mgongo wazi, mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya viwanda kuchukua minofu ya kuuza ng’ambo. Ikikaangwa ikakauka, sijui kama wale wa ng’ambo walipata sehemu tamu.

Halafu kuna nyongeza. Mama akishapima, mkono wake hurudi karaini kuongeza kiganja kimoja. Asipoongeza, mteja hukumbuka haraka deni la juzi lililo kwenye daftari.

Zamani sukuma iliyokatwa ilitiwa kwenye juala. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017, wengine huja na bakuli lao, na mara nyingi anayelileta ni mtoto aliyefumbata sarafu.

“Mathe amesema ya mbao.”

Mama mboga hamuulizi ni mathe yupi. Anajua nyumba hiyo hutaka sukuma nyembamba, bila vikonyo, na kwamba ikikatwa nene mtoto atarudishwa nayo gizani.