Tulisema "Hakuna" Kabla ya Kutazama: Jinsi ya Kuorodhesha Mafaili kwa Amri



Likizo iliyopita sisi mafrateri wawili tulikuwa katika shughuli za kichungaji kwenye parokia moja upande wa Rubafu, kule ambako migomba na mibuni inashuka mpaka karibu na maji ya ziwa. Siku moja baada ya Misa alikuja ofisini mama mmoja. Yeye na mumewe wameishi pamoja miaka mingi, wana wajukuu, na sasa walitaka kufunga ndoa Kanisani. Alihitaji cheti cha ubatizo. Alibatizwa mwaka 1968, na kitabu cha miaka ile mchwa walikuwa wameshaanza kukila.

Baba Paroko alitukumbusha jambo moja. Baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lililopasua na kubomoa majengo mengi mkoani Kagera, kurasa za vitabu vya zamani zilipigwa picha na kutunzwa kwenye kompyuta mpakato ya ofisi. Tukaitoa kabatini, tukapangusa vumbi, tukaiwasha. Hayakutokea madirisha wala alama za kubofya. Kioo kilibaki cheusi, kina maandishi meupe na kistari kinachopepesa. Tulipoandika jina na nenosiri vilivyokuwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake, ikatupokea, lakini ikabaki vilevile, nyeusi.

Mmoja wetu alikumbuka amri moja tu: ls. Tukaona folda yenye jina UBATIZO. Tukaiorodhesha. Hakikutokea kitu hata kimoja. Tukatoka nje, tukamwambia, "Mama, hakuna." Akajibu taratibu, "Haya waitu, mafrateri," akajifunga khanga yake vizuri, akashika njia ya kwao.

Picha zilikuwepo. Tunaandika makala hii ili tueleze tulikosea wapi, na ili anayetunza kompyuta ya parokia, ya shule au ya jumuiya asije akamjibu mtu kama tulivyomjibu yule mama.

Amri ni nini?

Wengi wetu tumezoea kuitumia kompyuta kwa kubofya picha ndogondogo. Chini ya picha hizo kuna njia ya zamani zaidi: unaandika neno, unabonyeza kitufe cha Enter, kompyuta inatenda na kukujibu kwa maandishi. Neno hilo ndilo amri, na mahali pa kuliandika huitwa teminali. Picha zikiharibika, kama ilivyotokea kwetu, mara nyingi teminali hubaki hai.

Amri ya ls ni ya siku nyingi. Ilikuwemo katika kitabu cha kwanza cha maelekezo ya mfumo wa Unix, kilichotoka Novemba 1971 huko Bell Labs, Marekani, walipokuwa wakifanya kazi Ken Thompson na Dennis Ritchie. Herufi hizo mbili ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya "orodhesha". Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, iliifuata njia ya Unix, na moja ya aina zake ni Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004. Msomaji Mhaya hahitaji kufasiriwa jina hilo: anayesema omuntu na abantu tayari analisikia ndani yake. Kompyuta ya parokia ilikuwa ya Ubuntu.

Kwanza ujue umesimama wapi

Kompyuta hupanga kazi zake kwa mafaili na folda. Faili ni kama karatasi, na folda ni kabati linaloweza kubeba karatasi na makabati mengine madogo. Baadhi ya vitabu vya Kiswahili huiita folda saraka.

Kila kitu ndani ya kompyuta kina anwani. Sisi tunasema Jimbo, parokia, kigango, jumuiya. Au mkoa, wilaya, kata, kijiji. Kompyuta hufanya hivyohivyo, ikitenganisha ngazi kwa mkwaju:

/home/parokia/Documents/UBATIZO

Ukitaka kujua umesimama wapi, andika:

pwd

Itakujibu kwa anwani ya folda uliyomo. Ukitaka kuhamia folda nyingine, andika cd, acha nafasi, kisha andika jina la folda:

cd Documents

Zingatia herufi kubwa na ndogo. Kwa Linux, UBATIZO na ubatizo ni majina mawili tofauti. Mtu aliyesimama kwenye folda isiyo yake ataorodhesha vizuri kabisa, na bado hatakiona anachokitafuta.

Kuorodhesha

Ukiwa ndani ya folda, andika:

ls

Utaona majina ya vilivyomo, kwa kawaida yakiwa yamepangwa kialfabeti. Unaweza pia kuitazama folda bila kuingia ndani yake, kwa kuitaja jina:

ls UBATIZO

Hapa ndipo tulipojikwaa. Kompyuta haikusema "hakuna kitu" wala haikutuonya. Ilirudisha tu kistari chake na kusubiri amri nyingine. Sisi ndio tuliougeuza ukimya huo kuwa jibu.

Yaliyofichwa

Jioni ile tulimpigia simu mwenzetu mmoja aliyesoma kompyuta kabla ya kuingia seminari. Aliuliza swali moja tu: "Mmeweka a?" Hatukuelewa. Akatuambia tuandike hivi, tukiacha nafasi baada ya ls na nyingine kabla ya jina la folda:

ls -a UBATIZO

Tukaona:

.  ..  .picha

Katika Linux, jina lolote linaloanza na nukta halionekani kwa ls ya kawaida. Nukta moja peke yake ni folda yenyewe unayoitazama, na nukta mbili ni folda iliyo juu yake. Rob Pike, aliyefanya kazi Bell Labs, ameeleza kwamba desturi hii ilitokana na njia ya mkato. Mafundi walitaka nukta hizo mbili zisijaze orodha, wakaiagiza programu iruke kila jina linaloanza na nukta. Bila kukusudia, wakawa wameanzisha mafaili ya siri.

Baadaye tuliambiwa kwamba aliyepiga picha zile aliweka nukta makusudi, ili vijana waliokuwa wakija kuangalia muziki kwenye kompyuta ile wasizichezee. Alifanya vizuri, ila hakuandika popote. Alipohamishwa, siri aliondoka nayo.

Jina si kitu chenyewe

Tulishangilia, na furaha ilitaka kutukosesha tena. Mwenzetu akasema kwenye simu, "Msimwite mama bado. Angalieni ukubwa." Akatupa amri hii:

ls -lh UBATIZO/.picha

Herufi l inaleta maelezo marefu, mstari mmoja kwa kila faili, na h inaandika ukubwa kwa namna ambayo mtu anaisoma kwa urahisi. Ikatoka orodha ndefu. Hii ni mistari miwili tu:

-rw-r--r-- 1 parokia parokia 2.1M Sep  3  2017 1968-014.jpg
-rw-r--r-- 1 parokia parokia    0 Sep  3  2017 1968-015.jpg

Tuusome mstari wa kwanza kutoka kushoto.

Alama ya kwanza inataja aina: kistari ni faili la kawaida, na herufi d ni folda. Herufi tisa zinazofuata ni ruhusa, tatu za mwenye faili, tatu za kikundi chake, tatu za watu wengine wote. Herufi r ni kusoma, w ni kuandika au kubadilisha, x ni kuliendesha kama programu. Kwa hiyo faili hili mwenyewe analisoma na kulibadilisha, wengine wanalisoma tu.

Tarakimu 1 si ya kutusumbua leo. Majina mawili yanayofuata ni mwenye faili na kikundi chake. Kisha unakuja ukubwa: 2.1M ni zaidi ya baiti milioni 2, kiasi cha kawaida kwa picha ya ukurasa. Halafu ni tarehe ambayo faili lilibadilishwa mara ya mwisho. Faili likipita miezi 6 hivi, mahali pa saa huandikwa mwaka. Mwisho kabisa ni jina.

Sasa tazama mstari wa pili. Jina lipo, tarehe ipo, mwenye faili yupo. Ukubwa ni 0. Hakuna picha ndani yake. Labda nafasi ilijaa au umeme ulikatika wakati wa kunakili. Kwa ls ya kawaida mafaili haya mawili yanafanana kabisa, kwa kuwa yenyewe inataja majina tu.

Kama mafaili ni mengi, iombe kompyuta ipange kwa ukubwa, kubwa likitangulia:

ls -lhS UBATIZO/.picha

Matupu yote yatashuka chini ya orodha. Ukiweka t ndogo badala ya S kubwa, yatapangwa kwa tarehe, la karibuni likitangulia. Ukitaka kuona na vilivyomo ndani ya folda ndogo zote, tumia ls -R.

Kwa wenye Windows

Ofisi nyingi za parokia zinatumia Windows. Huko fungua menyu, andika cmd, bonyeza Enter. Anwani ya folda uliyomo itakuwa imeandikwa pale pale kabla ya kistari. Kuorodhesha ni dir. Kuona na yaliyofichwa ni dir /a. Kuingia mpaka folda za ndani ni dir /s. Jambo zuri ni kwamba dir huonyesha ukubwa na tarehe bila kuombwa.

Orodhesha kabla ya kufuta

Amri ya ls haiharibu kitu. Inauliza tu. Unaweza kuirudia mara 100 na mafaili yatabaki salama, kwa hiyo mzee wa kanisa au katekista asiogope kujifunzia nayo. Amri ya kufuta, rm, ni habari nyingine: faili likifutwa kwa teminali haliendi kwenye pipa la taka ambalo unaweza kulirudisha.

Kwa sababu hiyo mafundi wana desturi nzuri. Kabla ya kufuta picha zote, kwa mfano, kwanza wanaandika:

ls *.jpg

Nyota ina maana ya "jina lolote". Wanasoma orodha mpaka mwisho, wakiona kila kilichotajwa kweli ni cha kufutwa, ndipo wanaendelea. Siku ile, kabla ya kupiga simu, tulikuwa tumeshaanza kupanga kuifuta folda ile "tupu" ili kupunguza msongamano. Tukikumbuka, tunashukuru Mungu.

Tulivyomaliza

Kesho yake asubuhi tulinakili picha kwenye flashi na kuzifungua kwenye kompyuta nyingine. Mama yetu alikuwa kwenye 1968-014: jina lake, wazazi wake, msimamizi wake, tarehe, sahihi ya padri. Tulimpelekea Baba Paroko, kwa kuwa kuthibitisha na kutoa cheti ni kazi yake, si ya mafrateri. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inadai kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, navyo vitunzwe kwa uangalifu. Picha inasaidia kitabu, haichukui nafasi yake. Na kwa kuwa ina habari za watu, haistahili kurushwa kwenye makundi ya simu.

Kisha tukarudi kwenye kitabu chenyewe, ukurasa wa 15. Mchwa walikuwa wamekula pembe ya chini, lakini majina mengi yalisomeka. Tukaupiga picha upya. Tukapitia orodha yote, tukayatafuta mafaili mengine yenye sifuri, tukafanya vivyo hivyo. Kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kompyuta tukaongeza mstari mmoja kwa kalamu: "Picha za ubatizo zimefichwa. Andika ls -a."

Darasani tunajifunza kutofautisha "sijaona" na "hakipo", jina na kitu kinachotajwa. Tuliandika mitihani juu ya hayo na tukafaulu. Lakini ilibidi tutembee kwa miguu mpaka nyumbani kwa yule mama, tumkute akimenya ndizi, tumwambie kwamba tulikuwa tumesema uongo bila kujua.

"Mama, tulitazama vibaya. Jina lako lipo."

Aliweka kisu chini, akanyamaza kidogo. Kisha akamwita mumewe aliyekuwa shambani.