Posho ya Mke na Mtoto: Jinsi Wachimba Shaba wa Katanga Walivyobakizwa Kazini

Waajiri wa zama zetu, ambao aghalabu hulalama kwamba vijana waliowafunza kwa gharama kubwa wamekwisha kuhamia kwa jirani, wangefaidika kuitazama Katanga, jimbo la Kongo, katika kipindi cha baina ya vita vikuu viwili, ambako kampuni ya Union Minière, iliyoasisiwa mwaka 1906 na kuanza kuyeyusha shaba kando ya mto Lubumbashi mwaka 1911, ilipatwa na balaa hilo hilo, tena kubwa zaidi.

Hapo awali vibarua walikusanywa na mawakala kutoka vijiji vya mbali, hata ng'ambo ya mpaka, katika Rhodesia ya Kaskazini, wakatiwa katika mikataba ya miezi michache na kulazwa katika vibanda vya msongamano, ambamo kichomi na homa ya matumbo viliwaua wengi. Na aliyenusurika, mara alipoanza kuizoea tanuri, alifunga mzigo wake akarejea kwao, ama alitoroka kabla ya muda kutimia. Kampuni ikawa inafunza wageni daima, ilhali mashine ilizozileta zilitaka mikono yenye uzoefu.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 tadbiri ikageuzwa. Mkataba ukawa wa miaka mitatu. Mke na watoto wakasafirishwa kwa gharama ya kampuni. Zikajengwa nyumba za aila, zahanati za wajawazito na shule. Na posho, yaani unga, maharagwe na mafuta ya mawese, ikapimwa kwa hesabu ya mke na watoto pia. Dakta Léopold Mottoulle, tabibu aliyeisimamia siasa hiyo, alijua alitendalo, kwani mume aliyetamani kuacha kazi hakuwa akishauriana na nafsi yake tena, bali na jiko zima. Watu wakakaa. Watoto wakazaliwa kambini, wakakua wakisema Kiswahili cha Katanga, na wengi wakairithi kazi ya baba zao.

Walakini ukarimu huo haukutoa idhini ya kusema. Mfanyakazi Mwafrika hakuruhusiwa chama cha wafanyakazi hadi mwaka 1946, na Desemba 1941, bei za vitu zilipopanda kwa sababu ya vita, wachimbaji waliogoma kudai nyongeza ya ujira walimiminiwa risasi katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, wakafa makumi kwa makumi. Naona hapo ndipo ilipo ila ya mpango mzima: aliyepewa kila kitu ila sauti hana dhamana ya chochote.

Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967, baadaye ikaitwa Gécamines, na posho, shule na hospitali zikaendelea mpaka uchumi wake ulipoporomoka katika miaka ya 1990. Mwaka 2003, kwa mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000, wenye malimbikizo ya mishahara ya miezi mingi, waliondolewa kwa kile kilichoitwa hiari yao, wakalipwa mkupuo mmoja.